Chatu Asipungue Hata Futi Moja

4 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu nyingi, zikizidi ziweke akiba. Huku kwetu tu wazima. Mkaza mjomba wako ni mzima, kuku ni wazima isipokuwa yule jogoo mwenye kiburi, ambaye tulimla kwa heshima zote. Paa la jikoni bado linavuja palepale, nami bado ninaliziba pengine.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Simu ni kifaa cha watu wenye haraka. Mimi hadithi yangu ikianza kunoga tu, inakata. Barua haikati. Inakaa kimya inanisikiliza, tena haina mdomo wa kusema "Mjomba, hii ulishanisimulia."

Kibanda changu cha kunyolea kinajaa kupita kiasi tangu niwaambie watu kuwa wewe ndiye mkuu wa madaktari wote wa mishipa katika ile hospitali kubwa. Usinishukuru. Damu nzito kuliko maji.

Wiki iliyopita nilibuni mtindo mpya wa nywele. Mwalimu mkuu alikaa kitini, nikamfunga shuka shingoni, nikaanza kumpunguza pembeni. Ghafla mashine ikakata katikati ya kichwa chake, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ikaacha barabara ya lami kabisa. Fundi mwingine angesema mashine imemponyoka. Mimi nasema mkono wangu uliamua wenyewe. Nilimmalizia kipara, akatoka anang'aa kama sufuria mpya. Ameahidi kurudi nywele zikiota, ingawa hakusema lini.

Jana nilimsimulia dereva mmoja wa lori habari za yule chatu wa futi ishirini niliyemuua kwa panga nikiwa kijana. Alisahau kilichomleta, akaondoka na ndevu zake.

Sasa nina swali dogo, si langu, ni la mteja. Mteja huyu ni mtu wa umri wangu, mwenye sura ya kuvutia. Jicho lake la kushoto hushukiwa na pazia jeusi, dakika tatu au nne, kisha pazia hupanda lenyewe kama hakuna kilichotokea. Anauliza kama ni miwani. Nimwambie nini?

Mjomba wako,
Wembe

12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko wazima, poleni kwa jogoo. Mimi niko salama huku masomoni. Imebaki miezi minne nirudi hospitalini kwangu. Chumba ninachokaa kina dirisha linalotazama ukuta, kwa hiyo ninasoma sana.

Kwanza nikusahihishe. Mimi si mkuu wa madaktari wa mishipa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha mishipa. Kazi yangu ni kufungua pakiti, kuvaa aproni ya risasi ya kukinga mionzi, yenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na kumshika mgonjwa mkono. Ukiendelea kunipandisha cheo hivi, siku moja wateja wako watanijia na shingo zao.

Pili, chatu. Nilipokuwa darasa la kwanza alikuwa futi saba. Nilipomaliza shule alikuwa futi kumi na tano. Mjomba, nyoka aliyekufa miaka thelathini iliyopita bado anakua.

Tatu, mteja wako. Mwambie si miwani. Aende hospitali leo, si kesho. Mshipa mkubwa wa shingo ukibanwa, vipande vidogo vya uchafu humeguka, vikapanda hadi jichoni au kwenye ubongo. Pazia likipanda, watu hushukuru Mungu wakaendelea na kazi. Lile pazia ni mtu anayebisha hodi. Mara nyingine haji kubisha, anavunja mlango, na hicho ndicho kiharusi.

Muulize pia kama mkono wake wa kulia huwa unamponyoka. Kama unaamua mambo wenyewe, kwa mfano.

Mpwa wako,
Sindano

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa wote wa hapa. Barua hii naisema kwa mdomo, mkaza mjomba wako anaiandika, kwa sababu nimeumia kidole nikifungua chupa ya soda. (Mwandishi anasema: kidole hakina hata mkwaruzo.)

Nimempelekea mteja ujumbe wako. Amekushukuru sana. Anasema yeye ni mtu wa chuma, hajawahi kulala hospitali hata siku moja, na siku aliyozaliwa ni mkunga ndiye aliyelazwa. (Mwandishi anasema: mteja yuko mbele yangu, amevaa fulana iliyotoboka.)

Mkono wake wa kulia uko imara. Jumanne uliwahi kufa ganzi kidogo tu, kama dakika kumi, akiwa ameshika kikombe. (Nusu saa. Kikombe kimevunjika. Alitaka kusema "chai", akasema "ngazi". Nikamuuliza ngazi ya nini, akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Mwanangu, mume wangu amekosa neno. Huyu.)

Mteja anasema hakuna mtu atakayegusa shingo yake. Yeye amegusa shingo za watu miaka ishirini na minane, anajua shingo ni kitu cha namna gani. Usiwe na wasiwasi. Mungu yupo, na mimi nipo.

Mjomba wako,
Wembe

(Njoo au mtume mtu. Mimi hanisikii.)

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi, kwani kila ninachotaka kusema kimejipanga mlangoni kinasukumana.

Simu nimeshampigia mkaza mjomba. Daktari wangu nimeshamwambia, anakusubiri. Kesho alfajiri mnapanda basi. Barua hii atakupa dereva wa basi mkononi, na ni ya kukugombeza tu, maana kwa simu ungesema mtandao mbaya.

Mteja nilimjua tangu barua ya kwanza. Uliandika "mtu wa umri wangu, mwenye sura ya kuvutia." Nani mwingine anakusifu hivyo? Tena mwandiko wako ulikuwa umelalia upande, herufi za mwisho wa mistari zimeanguka kama walevi. Unadhani kwa nini niliacha kulalamika habari za simu, nikakujibu kwa barua? Nilikuwa nausoma mkono wako.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Wewe umejinyoa mwezi mzima, Mjomba. Acha wenye kiti wakunyoe.

Najua unachoogopa, kwa hiyo nitakueleza kama tulivyofundishwa kumweleza mtu mzima. Mahali palipobanwa kwa watu wa aina yako huwa shingoni. Pakiwa juu mno, chini tu ya taya, kisu hakifiki vizuri, basi daktari huingia kwa njia ya paja. Anapandisha waya mwembamba hadi shingoni, anapanua pale palipobanwa kwa puto, na anaacha kijibomba cha wavu wa chuma ili pasizibe tena. Hatari ni kwamba ukikwangua bomba chafu, kutu humeguka, na kwako kutu ingeenda moja kwa moja kichwani. Kwa hiyo kabla hajagusa uchafu, anapitisha kwanza mwavuli mdogo, mdogo kuliko kifungo cha shati, anaufungua juu yake. Damu inapita kwenye matundu yake, uchafu unanaswa. Mwisho anaufunga na kuutoa na takataka zake. Wewe mwenyewe huanzi kunyoa kabla ya kumfunga mtu shuka shingoni. Ni lile lile.

Na ukikataa? Mshipa wako mbovu ni wa kushoto. Upande huo, kwa watu wengi, ndiko maneno yanakokaa. Mguu ukilegea utapata mkongojo. Mkono ukilegea utanyoa kwa kushoto na kumsingizia mteja kwamba ni mtindo. Lakini Mjomba, ukiamka huna maneno, utamsimulia nani habari za chatu?

Panda basi.

Sindano

19 Machi
Wodini, kitanda cha dirishani

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwenye kitanda bora kuliko vyote. Kina pedali ya kukipandisha. Mgonjwa wa jirani, seremala mstaafu, amekubali kwamba mimi ndiye mgonjwa mzito kuliko wote hapa wodini. Yeye ana moyo tu.

Mkaza mjomba wako amefikia kwa mwenzako wa kazini. Anakuja na chupa ya uji, anakaa, ananitazama. Hazungumzi. Miaka yote namwomba anyamaze kidogo, sasa amenyamaza, nami sipendi.

Wamenipiga picha za shingo kwa kile kifaa cha baridi chenye mafuta. Mshipa wa kulia mzuri. Wa kushoto, daktari anasema, juu kabisa chini ya taya umebaki tundu la kupita uzi. Nikamwambia kwa tundu hilo hilo nimewaongelesha watu mji mzima, je, lingekuwa wazi? Hakucheka. Ni kijana mrefu, ndevu zake zimenyolewa na adui. Nimeahidi kumrekebisha nikipona. Vidonge vyao namaliza vyote, viwili vya kulainisha damu, na tumbaku nimeacha. Ndiyo, nimeacha. Seremala ndiye shahidi, maana ndiye niliyempa kiko.

Jambo la ajabu: wamenikabidhi bata. Bata wa mpira, wa manjano, wa kuchezea watoto kwenye beseni. Wanasema kesho sitalazwa usingizi, nitakuwa macho, na bata atakuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Kila wakisema "bana", nambana, analia. Nikasema mimi ni mtu mzima, nina mke, nimeua chatu. Wakasema ndiyo mzee, bana. Nilibana. Alilia vizuri.

Kesho saa tatu asubuhi. Shuka za huku zinakwaruza kidogo. Jikoni kwetu sasa mvua lazima inaingia.

Nilitaka kukwambia kitu kingine lakini nafasi ya karatasi imeisha.

Wembe

(Mwandishi hakuitwa, lakini ndiye anayepeleka posta. Upande wa pili wa karatasi ni mweupe kabisa.)

2 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Salamu kutoka nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, kwa mkono wangu. Tazama mwandiko huu. Mnyoofu kama mwashi kaupima kwa kamba. Watu wamekuja kunipa pole hadi mabenchi yamekwisha, wengine wamekaa kwenye debe. Paa la jikoni nalo limeanza kuvuja mahali papya. Hayo ndiyo maendeleo.

Nikueleze kazi ilivyokwenda. Walinipiga sindano ya ganzi juu ya paja, mahali ambapo sitapataja kwa mpwa wangu wa kike. Waya ukaingia. Ulipita tumboni, ukapita kifuani, ukageuka kona, ukafika shingoni, na mimi naangalia kwenye kioo cha picha kama mtu anayetazama mpira. Mwavuli ulipofunguka, daktari akanionyesha. Alama ndogo tu, lakini nilijua mara moja. Kama ningesoma zaidi ya darasa la sita ningekuwa nao kazini leo. Niliacha shule kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Sasa sikiliza. Muuguzi aliyenishika mkono akaniuliza, "Mzee, nasikia wewe uliwahi kuua chatu?" Nikajua sifa zangu zimetangulia. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Futi ngapi?" Nikasema ishirini. Daktari, bila kugeuka, akasema, "Vizuri, tuendelee." Bata akalia. Baada ya muda, muuguzi: "Chatu futi ngapi, mzee?" Nikasema ishirini na moja. Daktari akasema, "Safi kabisa." Mpwa wangu, miaka yote nimesimulia, sijapata wasikilizaji kama wale. Nyumbani nikifika futi ishirini na moja mtu anaguna. Kule daktari ananipigia debe. Nadhani kijana yule anapenda sana nyoka.

Wakaweka kile kijibomba cha wavu. Kisha puto la mwisho, la kukikaza, likafunguka shingoni, moyo ukalegea kidogo, wakaniambia "kohoa", nikakohoa, chumba kikatetemeka. Baada ya hapo walishughulika na jambo dogo la kiufundi ambalo sikulifuatilia. Mwishowe wakautoa mwavuli na kunionyesha. Ndani kulikuwa na chenga za manjano, kama za mchele, zimejaa tele. Daktari akasema, "Hizi zote, mzee, zilikuwa na safari ya kichwani kwako." Nilimwambia azihifadhi, nizitundike kibandani. Amekataa. Sheria zao.

Ndevu zake nilimnyoa siku ya kutoka. Sasa anaonekana mtu wa kuaminika.

Mjomba wako asiyezibika,
Wembe

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na karibu tena duniani. Mwandiko nimeupima kwa rula. Mnyoofu. Nimeubandika kwenye ule ukuta unaotazama dirisha langu, kwa hiyo sasa nina mandhari.

Lakini umeruka dakika kadhaa. "Jambo dogo la kiufundi." Mjomba, mimi ni wa chumba kile. Wenzangu wameniambia yote.

Daktari hapendi nyoka. Nilimwandikia karatasi kabla hujafika, na muuguzi wako aliibandika ukutani mbele yake. Naikumbuka neno kwa neno: "Mgonjwa huyu ni mjomba wangu. Bata pekee hatoshi. Kila baada ya muda mumuulize chatu alikuwa futi ngapi. Akibaki palepale au akiongeza, ubongo wake uko vizuri, endeleeni. Akipunguza hata futi moja, simameni mtazame mwavuli."

Walicheka. Waliibandika kwa ajili ya kucheka.

Kisha baada ya lile puto la mwisho, muuguzi akakuuliza, "Chatu futi ngapi, mzee?" Ulikaa kimya. Akauliza tena. Ukasema, polepole, ulimi mzito: "Hapakuwa na chatu. Ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani. Niliukata kwa panga."

Muuguzi anasema chumba kizima kiligeuka kuitazama karatasi ile. "Bana," akakuambia. Bata hakulia. Daktari akapiga picha palepale, akakuta damu imesimama shingoni. Mwavuli ulikuwa umejaa takataka hadi juu, umeziba, hakuna kinachopita. Wakanyonya uchafu kwa bomba dogo, wakaufunga mwavuli, wakautoa. Dakika mbili zilipita, wanazihesabu hadi leo. Muuguzi akakuuliza tena, "Chatu futi ngapi?"

Ukasema, "Ishirini na mbili, tena alikuwa na mayai." Bata akalia. Muuguzi naye alilia, lakini hilo alinikataza nisikwambie.

Siku ile mimi nilikuwa darasani. Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Simu ilikuwa mapajani, daftari mbele yangu, na somo zima nilichoandika ni "futi" mara arobaini. Mwalimu alidhani nafanya hesabu.

Sasa nakuuliza kama mpwa, si kama muuguzi. Sitamwambia mtu. Chatu au mpira?

Na ule upande wa pili wa karatasi uliobaki mweupe, ulitaka kuandika nini?

Sindano

14 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mwalimu mkuu amerudi, nywele zimeota, na wanafunzi wake watatu wanataka ule mtindo wa barabara katikati. Nimemwambia mtindo ule haurudiwi, fundi wake amehama. Vidonge nameza kila asubuhi mbele ya mkaza mjomba wako, ambaye hunikagua chini ya ulimi kama askari wa mpakani. Tumbaku bado nimeiacha. Seremala ameandika kudai kiko kingine. Jicho halijashukiwa na pazia tena.

Kuhusu upande mweupe wa karatasi: nilitaka kuandika kwamba naogopa. Si kufa. Niliogopa kuamka nikamwona mke wangu, nikataka kumwita, nikamwita ngazi. Basi. Nimeandika mara moja, usiitarajie tena.

Karatasi yako ile ilikuwa ujanja mtupu, na ujanja huo umeurithi upande wetu. Nimewaambia watu wote kwamba siku hizi katika hospitali kubwa, madaktari hawaanzi kazi ya shingo mpaka wajue urefu wa chatu wangu. Hakuna aliyeguna.

Kuhusu mpira. Mpwa wangu, wewe umesoma. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba ubongo ukikosa damu, mtu husema mambo ya ajabu. Unataka kuchukua maneno ya mgonjwa aliyezibwa mshipa na kuyafanya ushahidi? Hata mahakama haingeyapokea. Nilikuwa mahututi. Ningeweza kusema chochote.

Chatu alikuwa futi ishirini na sita. Mwambie daktari.

Mjomba wako mzima,
Wembe

(Mwandishi hakuitwa, lakini bahasha naifunga mimi. Siku ile ya panga nilikuwa msichana wa nyumba ya jirani, nimesimama na ndoo, na niliona alichokata. Kipande nilichookota kiko stoo hadi leo, futi tisa, kijani. Miaka yote nimekuwa nikiguna akianza kusimulia. Jana nikiwa nafua uani nilimsikia kibandani akifika futi ishirini na sita bila kukwama hata neno moja. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaenda kukaa kwenye benchi la wateja, nikamuuliza, "Na mayai yalikuwa mangapi?")